Nani Atayafungua Mafaili Yetu? Ushauri wa kutunza urithi wa kidijitali Shinyanga na Geita

Nyankanga, Kukuluma, Geita Hill: anayefuatilia habari za madini huyajua majina haya kuwa ni ya mashimo ya dhahabu ya mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000. Mzee aliyekulia maeneo yale huyajua kwa namna nyingine. Kwake ni mahali palipokuwa na njia, miti ya kupumzikia na majirani. Ardhi ikishachimbwa kiasi kile hairudi ilivyokuwa, na mzee huyo akitaka kumwonyesha mjukuu wake pale mahali, hana pa kumpeleka. Kitakachomsaidia ni picha, kama ilipigwa; sauti, kama ilirekodiwa; fomu ya fidia au ramani ya mipaka, kama ilitunzwa.

Siku hizi vitu hivyo kwa sehemu kubwa ni mafaili. Vimo kwenye simu, kwenye memori kadi, kwenye flashi iliyosahaulika ndani ya droo ya steshenari, kwenye kompyuta ya ofisi ya kata, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Makala haya yanawahusu wanaovishika: familia, makatibu wa vikundi vya ngoma, viongozi wa vikundi vya wachimbaji wadogo, walimu, wenye studio za Kahama na Katoro, watendaji wa vijiji na kata. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba faili halijitunzi. Linaishi pale tu ambapo kuna mtu anayejulikana kwa jina, aliyepewa kazi ya kulifungua, kulikagua na kulihamisha kabla kifaa hakijafa.

Tuanze na vilivyosalimika, maana Usukuma una mifano mizuri. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha maandishi juu ya utemi mwaka 1951 na juu ya sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Alifariki mwaka 1962. Karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na watafiti bado wanazisoma. Karatasi kwa asili yake haina uimara wowote mbele ya mchwa, panya na mvua zetu. Zilidumu kwa kuwa zilipewa chumba, orodha, namba na mkutubi wa kuziangalia.

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Cory, 1963, mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria. Ngoma za enzi, viti na mikuki vikabaki bila kazi serikalini. Vingi vilikusanywa Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika pamoja na Wasukuma waliofanya kazi naye. Hapo linaonekana jambo ambalo nitalirudia: ngoma ya mtemi isiyojulikana ilitoka utemi upi, na ilipigwa lini na kwa ajili gani, inabaki gogo lenye ngozi. Maelezo ndiyo yanayoifanya kuwa urithi.

Katika miaka ya 1990 mtafiti wa muziki kutoka Marekani, Frank Gunderson, alizunguka Usukuma akirekodi nyimbo za kazi: za kulima, za wawindaji wa nungunungu, za vyama vya wacheza na nyoka. Kitabu alichokitoa mwaka 2010 kina mamia ya nyimbo hizo kwa Kisukuma na tafsiri zake. Kijana wa Kishapu anayetaka leo kujua babu zake waliimba nini wakati wa kulima pamba anaweza kuupata wimbo ule ukiwa na maelezo yake. Ajiulize sasa kama mjukuu wake ataweza kupata ngoma iliyochezwa kijijini kwake mwaka jana, ambayo watu arobaini waliirekodi kwa simu na hakuna hata mmoja aliyeandika jina la mwimbaji.

Ndiyo hali ya ajabu ya zama zetu: tunarekodi kuliko kizazi chochote kilichotutangulia na huenda tukaacha kidogo kuliko wao. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizoko kwenye hifadhi yetu ya taifa Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, zina umri wa zaidi ya karne moja na bado zinasomeka kwa macho matupu, ilimradi msomaji anajua mwandiko wa Kijerumani cha kale. Diski laini ya mwaka 1995 iliyobeba muhtasari wa kikao cha chama cha ushirika haisomeki kwa macho ya mtu yeyote. Inahitaji kifaa ambacho hakiuzwi tena, programu iliyokwisha kuachwa, na bahati.

Wenye mali nyingi kuliko sisi wameshaumia. Mwaka 1986 Shirika la Utangazaji la Uingereza lilikusanya picha na maandishi ya watu kutoka kila pembe ya nchi yao, kwa kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha mfalme cha sensa ya ardhi cha mwaka 1086. Kazi yote iliwekwa kwenye diski za leza za aina ya pekee. Haikupita miaka ishirini, mashine za kuzisoma zikawa adimu, na ikabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan waingie kazini kuziokoa. Kile kitabu cha ngozi cha miaka mia tisa kilikuwa kinafunguliwa kama kawaida. Mwaka 2003 UNESCO ilipitisha hati ya kimataifa juu ya kuhifadhi urithi wa kidijitali, ikizitaka nchi zichukue hatua za kuutunza. Lakini mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kupoteza nyimbo, picha na video zilizopakiwa na watu kati ya 2003 na 2015, wakati wa kuhamisha mitambo. Wanamuziki wengi hawakuwa na nakala nyingine.

Nawaomba waimbaji wetu wa Kisukuma na wenye studio waisikie habari hiyo kwa makini. Nyimbo zenu zimo YouTube, zinasikilizwa hadi ng'ambo, na watu huchomewa nyimbo hizo kwenye flashi na memori kadi katika maduka ya kila senta. Hiyo ni njia ya kusambaza, na ni njia nzuri. Kuhifadhi ni kazi nyingine. Kampuni ya mtandao inaweza kufunga akaunti yako kesho kwa sababu ya malalamiko ya mtu usiyemjua, na faili la MP3 linalouzwa dukani limekwisha kubanwa na kupoteza sehemu ya sauti. Faili mama la wimbo, lile la WAV lililotoka studio, liko wapi? Studio ikifungwa au kompyuta ikiibwa, nani analo? Mwimbaji adai nakala ya faili mama siku anayolipa studio, kabla hajatoka mlangoni.

Kurasa za habari za Shinyanga, Kahama na Geita nazo hupotea kimya kimya. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kudai leseni, baadhi ya wachapishaji walisimamisha kazi zao. Wengine huacha tu kulipia jina la tovuti, na habari za miaka mingi za mkoa zinaondoka kwa siku moja. Kuna dawa ya bure. Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, ina huduma inayoitwa Wayback Machine, ambayo tangu 2001 iko wazi kwa kila mtu. Mtu yeyote anaweza kubandika anwani ya ukurasa pale na kuomba uhifadhiwe. Mhariri, fanya hivyo kwa kila habari unayojivunia. Mwananchi, fanya hivyo kwa kila habari inayokihusu kijiji chako.

Watu wa Shinyanga hawana haja ya kufundishwa na mgeni namna ya kuweka akiba ya aina hii, kwa sababu wana ngitili. Malisho hufungwa masika, nyasi zikiwa tele na hakuna anayeziona kuwa na thamani, ili kiangazi mifugo isife. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 ilipowahamisha watu mbali na maeneo yao, ngitili nyingi zilikosa mwenyewe, zikamalizika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulizifufua kwa kuziweka tena mikononi mwa kaya na vijiji, zikiwa na mipaka, kanuni na adhabu zake. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mafaili yanataka utaratibu huo huo: yafungiwe akiba wakati bado yanafunguka kwa urahisi, na ijulikane ni ngitili ya nani.

Nikiwa hapo hapo kwa HASHI, niseme na waliofanya kazi ndani yake. Mradi ulifikia mwisho mwaka 2004. Kama una picha za vilima vya Shinyanga vikiwa vitupu, filamu za slaidi, ramani za ngitili au madaftari ya mikutano, una ushahidi wa moja ya kazi kubwa za kurejesha misitu Afrika. Utafutie makao ukiwa hai na ukikumbuka kilima kipi ni kipi. Picha za setilaiti za Landsat zilianza mwaka 1972 na tangu 2008 zinapatikana bure, kwa hiyo mwalimu wa jiografia anaweza kuwaonyesha wanafunzi miti ikirudi Shinyanga, au mashimo yakifunguka Geita, mwaka baada ya mwaka. Ila setilaiti haijui jina la mwenye ngitili wala kanuni waliyokubaliana majirani. Hayo yamo kwenye daftari lako.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Anza na kanda za sumaku, yaani kaseti, VHS na kanda ndogo za kamera za harusi za miaka ya 1990 na 2000. Hizi ndizo wagonjwa mahututi. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba kufikia takriban mwaka 2025 mashine za kuzichezesha zitakuwa adimu mno. Mwaka huo umefika. Kaseti yenye ukungu mweupe usiichezeshe, utaichana na utaharibu mashine, itafutie fundi. Iliyo nzima, isikilize kwa mashine iliyosafishwa kichwa, na uiunganishe na kompyuta kwa waya. Kuweka simu mbele ya spika kunaingiza makelele ya jogoo na pikipiki yasiyotoka tena. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa WAV, kilohezi 48 na biti 24, upande mzima bila kukata, hata pale mzee anapokohoa au anapomwita mtoto. Ukimaliza usitupe kaseti. Iweke mahali pakavu, mbali na spika na bati lenye joto.

Picha za karatasi ziskani kwa nukta 600 kwa inchi, nyaraka kwa 300. Pasipo na skana, simu nzuri inafanya kazi: weka picha kivulini mchana, zima mwanga wa kamera, shika simu sambamba na picha. Geuza upande wa nyuma, upige pia. Mara nyingi nyuma ya picha ndipo penye tarehe, muhuri wa studio na maneno ya aliyeituma.

Kisha maelezo, na hapa naomba usichoke haraka, kwa sababu faili bila maelezo baada ya miaka thelathini ni mtu asiyejulikana amesimama mbele ya nyumba isiyojulikana. Kaa na mzee, mwonyeshe picha moja moja, na urekodi anachosema. Uliza ni nani, kuanzia kushoto. Uliza ni wapi, mwaka gani, au kama mwaka haukumbukwi, ni kabla au baada ya nini: kabla ya vijiji vya ujamaa, baada ya sungusungu kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa vita vya Kagera. Akitaka kusema Kisukuma, mwache aseme Kisukuma. Usimlazimishe shikamoo na marahaba za Kiswahili za mbele ya kamera, utamfunga mdomo.

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, na siku ikijulikana, likifuatiwa na mahali na tukio, kwa mfano 1988-07_Bariadi_ArusiYaBibi. Hivyo mafaili yatajipanga yenyewe kwa miaka. Ile alama ya ng' na ng'w ya Kisukuma usiiweke kwenye jina la faili, baadhi ya mifumo huikataa, lakini ndani ya maelezo iandike kama inavyotakiwa. Na uangalie mipaka ya mikoa. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo wilaya ya Geita ilikuwa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera, na Bukombe ilikuwa Shinyanga. Mwaka huo huo Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga kwenda Simiyu. Barua ya mwaka 1988 inayosema "Bariadi, Shinyanga" haijakosea. Andika mahali palivyoitwa wakati ule na panavyoitwa leo. Anayetafuta historia ya Geita akumbuke pia kwamba makaratasi yake ya zamani yamo kwenye majalada ya Mwanza, pamoja na yale ya mwaka 1958, wananchi wa Geita walipolikataa baraza la mseto wa rangi la wakoloni.

Maelezo yaandike kwenye faili la maandishi ya kawaida au jedwali, liwe ndani ya folda moja na picha, na lichapwe pia kwenye karatasi. Karatasi bado ni rafiki.

Nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mji mwingine. Kwa familia ya Kahama hiyo ina maana ya diski ya nje nyumbani, nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni, na diski nyingine kwa ndugu wa Mwanza au Dodoma. Flashi na memori kadi si mahali pa kuweka akiba ya miaka. Zimetengenezwa kubebea vitu, zikikaa muda mrefu bila umeme huweza kupoteza kilichomo, na madukani zimejaa za bandia zinazodai ujazo usiokuwepo. Diski ihifadhiwe kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, chini, mbali na bati. Vumbi la Shinyanga linaingia kila mahali. Kila mwaka ifungueni, mcheze mafaili machache ya kila folda, na baada ya miaka mitano hivi mnunue diski mpya na kuhamisha, hata kama ya zamani bado inaonekana nzima.

Kutuma picha kwa WhatsApp kunaibana na kuipunguza. Mkitaka kupeana nakala ya kweli kwenye kundi la ukoo, itume kama dokumenti, si kama picha. Na kundi lenyewe lisihesabiwe kuwa hifadhi: simu ikipotea bila nakala rudufu, historia ya misiba na harusi za ukoo iliyokuwa ndani yake inapotea nayo.

Nigeukie wachimbaji wadogo, kwa sababu urithi wao ndio nauona ukipuuzwa kuliko wote. Kuna makumbusho ya watemi. Sijaona anayekusanya historia ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Namna ya kusuka matimba (nguzo za kuzuia shimo lisiporomoke), kazi ya mwaloni (mahali pa kuoshea dhahabu), makarasha (mashine za kusaga mawe), lugha ya mgao, nyimbo za kuvuta viroba, yote haya ni maarifa ya vizazi katika ardhi ambayo dhahabu yake ilianza kutajwa kwa Wazungu mwaka 1898 na ambayo mgodi wake wa kwanza mkubwa ulifungwa mwaka 1966. Uchenjuaji kwa zebaki unapigwa vita kila upande kwa sababu nzuri za afya, na utakwisha. Uchukulieni video ungali upo, na walioufanya waeleze walijifunza kwa nani na uliwafanya nini mikononi na mwilini.

Kwa upande wa nyaraka, kikundi chochote chenye leseni ndogo kiskani leseni, mikataba kati ya mwenye leseni, mwenye shamba na wenye maduara, mihtasari, na stakabadhi za soko la madini, ambalo Geita ilikuwa ya kwanza kulipata mwaka 2019. Kuna jambo la kitaalamu ambalo limo ndani ya ugomvi mwingi wa mipaka. Namba za GPS pekee hazitoshi. Ramani zetu za zamani zilitumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu zinatumia WGS84. Namba zile zile zikisomwa kwa mfumo usio wake, kigingi kinahama karibu mita 300, na mita 300 katika eneo la leseni ndogo ni duara la mtu mwingine kabisa. Kila mnapoandika namba za mpaka, andikeni pembeni ni za mfumo gani, zilichukuliwa siku gani na kwa kifaa gani. Pigeni na picha ya kigingi penye mti au mwamba unaotambulika.

Mwadui inatufundisha kwamba picha za kawaida za nyumbani ni nyaraka. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi, ule ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, lilipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi. Siku kama hiyo, picha ya boma lako ikionyesha nyumba, kisima, miti na makaburi ina uzito mbele ya mthamini. Kila kaya iliyo jirani na mgodi ipige picha za mali yake mara moja kwa mwaka na ziwekwe nje ya kijiji. Makaburi yapigwe moja moja, kwa jina la aliyezikwa.

Si kila kitu kiwekwe wazi. Sikubaliani na wanaosema kwamba kilichofichwa kimepotea. Vyama vya Bayeye, wale wacheza na nyoka, vina maarifa ya dawa na nyoka ambayo hutolewa kwa aliyeingia kwa taratibu zake. Ukiruhusiwa kurekodi, uliza pia nani aruhusiwe kusikiliza, na uandike jibu ndani ya maelezo. Faili linaweza kutunzwa likiwa limefungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua kazi za jadi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomhusu.

Kanda ya Ziwa imebeba pia majeraha ambayo mtunza kumbukumbu hana ruhusa ya kuyasahau. Tangu 2007 watu wenye ualbino wamewindwa hapa kwetu, na vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Usipakie mtandaoni picha ya mtoto mwenye ualbino inayoonyesha anakoishi au anakosoma. Usipakie video ya bibi akielezea dawa zake pamoja na jina la kitongoji chake. Zima alama ya mahali kwenye kamera kabla hujaanza kurekodi wazee. Katika hili uoga ni busara.

Halafu kuna suala la funguo. Google sasa hufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, na laini ya simu isiyotumika hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Baba akifariki na nywila zake zikazikwa naye, picha zake zina muda mfupi. Katika mipangilio ya akaunti ya Google kuna sehemu ya kumteua mtu atakayepewa data endapo akaunti itakaa kimya. Wasaidie wazazi waijaze wakiwa hai. Ukoo unaweza kumteua mtunza mafaili kama unavyomteua mtunza hazina, akakabidhi kwa maandishi anapoachia ngazi.

Watendaji wa vijiji na kata wana wajibu mzito zaidi. Kumbukumbu za ofisi ni mali ya umma chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002, na kompyuta ya kijiji ikiharibika haitupwi na diski yake ndani. Wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya kuchoma au kufuta chochote.

Kwa halmashauri nina pendekezo. Migodi hufungwa; Buzwagi pale Kahama ulifungwa mwaka 2021. Kampuni inapoondoka, huondoka na picha za anga, orodha za kaya zilizohamishwa, tafiti za mazingira na picha za vijiji kabla ya uchimbaji. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inazitaka kampuni kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Tumezoea kuomba madarasa na zahanati, na ni haki. Ombeni pia skana, diski, na mshahara wa mtunza kumbukumbu mmoja katika maktaba ya mkoa, na wekeni sharti kwamba nakala ya kumbukumbu zisizo za kibiashara ibaki wilayani. 

Kinachokuja kinaongeza thamani ya kazi hii. Kompyuta zinajifunza kusikia na kuandika lugha kutokana na sauti zilizoambatana na maneno yake yaliyoandikwa. Kisukuma kinasemwa na watu wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya kabila nchini, lakini sauti zake zilizoandikwa maneno ni chache. Kila saa ya mzee anayesimulia, ikiwa imeandikwa neno kwa neno na imepata ridhaa yake, ni mbegu ya siku ambayo mkulima wa Meatu ataongea na mashine kwa lugha yake.

Alhamisi ya kwanza ya Novemba kila mwaka huadhimishwa duniani kama Siku ya Uhifadhi wa Kidijitali. Ukoo, shule au kikundi kiifanye kuwa siku yake ya kufungua diski na kukagua mafaili. Kaseti zisisubiri Novemba. Kama nyumbani kwenu kuna moja yenye sauti ya babu au bibi, itafutie mashine mwezi huu, na uandike leo kwenye karatasi ni sauti ya nani.